Ushauri nasaha mtandaoni: familia zetu zinatafuta sikio linalotunza siri



Wazazi na wanandoa wa Katavi wamepata mlango mpya wa kubisha hodi pale mambo ya nyumbani yanapowalemea. Kwa simu janja na bando la intaneti, mama aliyeko Inyonga anaweza kuzungumza na mwanasaikolojia wa Dar es Salaam kuhusu binti aliyeacha kula na kusema. Baba wa Majimoto anaweza kumweleza mshauri nasaha, kwa ujumbe wa sauti, ugomvi wa ndoa ambao hajawahi kuutaja mbele ya mtu yeyote. Wapo wanaolipokea jambo hili kwa shangwe, na wapo wanaolishuku kuwa ni njia ya kumkwepa padre, katekista na wazee wa jumuiya. Tunapenda kulipima kwa utulivu: linaleta msaada gani, lina hatari gani, na linatudai nini sisi tulio Kanisa.

Tuanze na hali halisi. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 564,604 katika mkoa wetu. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu 1,152,958. Katika miaka kumi tumeongezeka zaidi ya maradufu, na wengi miongoni mwetu ni familia zilizohamia kutafuta mashamba na malisho. Anayehama hubeba jembe, mifugo na watoto. Bibi, shangazi na mshenga hubaki alikotoka. Hao ndio waliokuwa washauri wa nyumba: bibi alizungumza na binti aliyevunja ungo, mshenga aliitwa ndoa ilipoyumba. Leo wazazi wengi wanalea peke yao, wakizungukwa na majirani wasiowajua vema.

Matunda ya upweke huo hayajifichi. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa hapa Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito, kiwango kilichozidi cha mkoa mwingine wowote. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Umaskini, umbali wa shule na ndoa za mapema vina sehemu yake katika hali hiyo. Hata hivyo, mzazi asiye na wa kumuuliza namna ya kusema na mtoto anayebalehe, aghalabu hubaki na mambo mawili: kunyamaza au kushika fimbo.

Kwa sababu hiyo, msaada wa kitaalamu unaofika kwa simu haustahili kubezwa. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Musa mwenyewe alipokea ushauri wa mkwewe Yetro, aliyeona kwamba kazi ya kuwasikiliza watu wote ingemchosha, akamwelekeza achague watu wenye uwezo na waaminifu wa kumsaidia. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wa Kitume Amoris laetitia wa mwaka 2016, alitambua mchango wa wataalamu wa saikolojia na washauri wa familia katika utume wa Kanisa. Hapa nchini, mkoani Mwanza, watafiti wamejaribu programu ya simu iitwayo ParentApp, iliyotayarishwa kwa wazazi wenye watoto wa miaka 10 hadi 17. Imetengenezwa kwa namna ambayo mzazi akishaipakua anaweza kuendelea na masomo yake hata pasipo mtandao, jambo lenye maana kubwa kwa vijiji vyetu.

Zipo hatari, nazo ni za kweli. Ya kwanza ni kutomjua msemaji. Mtandaoni kila mtu aweza kujiita mshauri, akauza maneno matamu na hata kudai picha za siri. Ya pili ni usalama wa taarifa. Mwaka 2023 kampuni ya Marekani iitwayo BetterHelp, mojawapo ya zile kubwa katika ushauri wa mtandaoni, ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya Tume ya Biashara ya Shirikisho kuituhumu kwamba iliwaahidi wateja usiri, kisha ikazipatia Facebook, Snapchat na makampuni mengine taarifa zao kwa ajili ya matangazo. Nchini Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini sheria haimlindi mke ambaye simu yake ni ya nyumba nzima na kila ujumbe husomwa na mwingine.

Ya tatu ni mashine inayojibu kana kwamba ni mtu. Hati ya Vatikani Antiqua et nova, ya Januari 2025, inakumbusha kwamba akili unde haiwezi kuwa na huruma ya kweli, na kwamba ni kosa kuionesha kana kwamba ni mtu. Yaweza kupanga maneno ya faraja. Haiwezi kuona kwamba mama anayeandika ana jeraha usoni.

Lakini kuna swali linalotugusa zaidi. Kwa nini muumini mwenye jirani, jumuiya na parokia aende kumfungulia moyo mgeni asiyemwona? Mara nyingi jibu ni moja: mgeni hamjui mtu yeyote wa kijiji. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ila nani atafunua uchi wake mahali ambapo kesho utakuwa mazungumzo ya kisimani? Mwenye kutafuta msikilizaji mbali hajaikimbia imani. Anatafuta siri. Pale ambapo tatizo la familia linageuzwa kuwa nia ya sala yenye maelezo marefu, au linavuja katika kundi la WhatsApp la jumuiya, tusiulaumu mtandao kwa kutunyang'anya watu.

Njia ipo, na haihitaji fedha nyingi. Nchini Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kuwasikiliza watu wenye sonona, wakiketi nao kwenye benchi nje ya zahanati. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionesha kuwa waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi wa namna hiyo tunao katika WAWATA, na wazee wa busara tunao katika UWAKA. Kila parokia yaweza kuteua wanandoa wachache waaminifu, ikawaombea mafunzo kwa wataalamu wa ustawi wa jamii, na kuwawekea kanuni moja isiyo na msamaha: anayetoa siri anaondoka katika utume huo. Parokia iweze pia kutenga chumba tulivu, ambamo mzazi asiye na faragha nyumbani ataongea na mtaalamu wake kwa simu.

Anayetaka kutumia huduma ya mtandaoni aulize kwanza: mshauri huyu anaitwa nani, amesomea wapi, anafanya kazi katika taasisi gani, gharama ni kiasi gani, na maneno yangu yanatunzwa wapi? Asiyejibu aachwe. Tena ifahamike kuwa ushauri si Kitubio: Hati ya Kanisa na Intaneti ya mwaka 2002 ilifundisha wazi kwamba hakuna sakramenti katika intaneti. Na pale penye kipigo au unyanyasaji wa mtoto, tusisubiri ushauri wala suluhu ya wazee. Dawati la jinsia na watoto lipo polisi, ofisa ustawi wa jamii yupo katika halmashauri, na simu ya watoto namba 116 hupigwa bure. Kumfikisha mtoto mahali salama hutangulia mazungumzo yote.