PIN ni siri yako, hata kama huoni

Kila mteja wa pesa za simu ameisikia: usimwambie mtu PIN yako. Usimwambie wakala, usimwambie anayekupigia akidai ametoka kwa kampuni, usimwambie hata jamaa yako. Ni ushauri mzuri na tutaendelea kuutoa. Lakini kuna wateja ambao ushauri huo unawaacha nje. Je, kama huwezi kusoma skrini ya simu yako mwenyewe?

Hebu fikiria mama asiyeona ambaye mwanawe amemtumia shilingi 3,000. SMS imeingia, simu imetetemeka. Simu yake ni kabambe isiyosema chochote. Ili ajue ametumiwa ngapi, lazima amuite mtu amsomee. Ili atoe pesa, anampa wakala simu na kumnong'oneza tarakimu nne. Wakala akimwambia, "Nimetoa elfu mbili, mama, imebaki elfu moja," hana namna ya kujua kama ni kweli. Siku pesa zikipotea na akaenda kulalamika, swali la kwanza litakuwa: ulimpa nani PIN yako?

Mama huyo si mzembe. Simu na menyu zilitengenezwa kana kwamba kila mteja anaona. Ndiyo maana naamini kwamba kutengeneza simu na huduma zake ili zitumike na watu wenye ulemavu si hisani. Ni sehemu ya usalama wa pesa, sawa na PIN yenyewe.

Kidoti kwenye namba 5

Chukua simu yoyote ya vitufe, upapase namba 5. Utahisi kidoti au kimstari kilichoinuka. Kiliwekwa hapo ili kidole kijue katikati ya vitufe ni wapi bila msaada wa macho. Ukishaipata 5, unajua 2 iko juu yake, 8 iko chini, 4 kushoto na 6 kulia. Kinagharimu karibu bure, na hata anayeona hukitumia anapobonyeza namba gizani.

Kwa sababu ya kidoti hicho, wapo wateja wasioona wanaoendesha akaunti zao kwenye kabambe bila kumwita mtu. Wamekariri menyu yote: bonyeza 1, kisha 2, weka namba, weka kiasi, weka PIN. Ni kazi ya akili inayostahili heshima. Sasa ona kinachotokea kampuni ikiongeza huduma mpya na kusogeza "Toa pesa" kutoka nafasi ya pili hadi ya tatu. Anayeona anakunja uso kidogo na kuendelea. Aliyekariri anaweza kujikuta ananunua salio badala ya kutoa pesa. Badiliko la dakika tano ofisini linamrudisha mtu kwenye kumnong'oneza wakala PIN.

Noti za karatasi zimeshapita hatua hii. Noti mpya za Kenya zilizotolewa 2019 zina alama za kupapasa ili asiyeona atofautishe thamani kwa vidole. Pesa iliyo ndani ya simu haina cha kupapasa. Ama simu iseme, au mwenye pesa abaki akiuliza watu.

Simu yako huenda tayari inaongea

Habari njema ni kwamba nyingi ya simu janja zina kisoma skrini ndani yake, bila kulipia chochote. Kwenye Android kinaitwa TalkBack, kwenye iPhone kinaitwa VoiceOver. Vyote viwili vimekuwepo tangu 2009. Ni watu wachache tu wameonyeshwa.

Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya ufikivu. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, imeandikwa Accessibility. Humo utakiona kisoma skrini. Kabla ya kukiwasha, jua mambo matatu:

- Namna ya kugusa inabadilika. Ukigusa mara moja, simu inasoma kilicho chini ya kidole. Ukigusa mara mbili haraka, ndipo inafungua. Wengi huogopa hapa na kudhani simu imeharibika.
- Vaa vipokea sauti vya masikioni unapoangalia salio au kuweka PIN. Simu ikitangaza salio lako ndani ya matatu, siri imeisha.
- Skrini inaweza kufichwa. Visoma skrini hivi vina njia ya kuizima iwe nyeusi huku simu ikiendelea kukusomea. Anayechungulia begani mwako haoni kitu.

Hilo la mwisho linafurahisha: asiyeona aliyejua kutumia simu yake anaweza kuwa na faragha kuliko sisi tunaoweka PIN huku foleni nzima ikitazama.

Kazi iliyobaki ni ya kampuni

Kisoma skrini kinasoma kile tu alichoandika mtengenezaji wa programu. Kitufe kikiwa ni picha isiyo na jina, mteja atasikia "kitufe", basi. Kitufe cha nini? Kutuma au kufuta? Programu ikimwambia mteja aweke uso wake ndani ya duara bila kumwongoza kwa sauti, imemfungia mlango. Menyu za USSD nazo hukatika mteja akichelewa kujibu, na anayesikiliza kila mstari kabla ya kuchagua lazima achelewe. Anayeandika polepole kwa sababu ya ulemavu wa mikono anakatiwa vivyo hivyo.

Kisha wako wateja viziwi. Kwao SMS ni rafiki, lakini tatizo likizuka wanaambiwa, "Piga simu huduma kwa wateja." Ametuma pesa kwa namba isiyo yake na kila dakika inahesabika, halafu njia ya kusaidiwa ni ile moja asiyoweza kuitumia. Panapokuwa na njia ya kuomba pesa irudishwe kwa SMS, kiziwi na anayesikia wanakuwa sawa. Kila huduma ya dharura inayopatikana kwa sauti inafaa ipatikane pia kwa maandishi.

Kampuni za sekta hii, yetu ikiwemo, zinaweza kufanya haya bila kungoja kusukumwa: kila kitufe kiwe na jina, menyu zisipangwe upya ovyo, muda wa kujibu uongezwe, na programu ijaribiwe na wateja wenye ulemavu kabla haijatolewa. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kupata habari, kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayowafaa, na kupata vifaa vya kuwasaidia. Siku hizi mshahara, karo na pesa za dawa hupitia kwenye simu. Habari gani inayomhusu mtu kuliko salio lake mwenyewe?

"Lakini hao ni wachache"

Nimeisikia hoja hii, na nyingine inayofuatana nayo: "Si wana familia ya kuwasaidia?"

Tuanze na uchache. Sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu 900,000 wenye ulemavu, asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Hao si wachache. Na humo hayumo mzee anayesogeza simu mbali na uso ili asome, wala aliyevunjika mkono wiki iliyopita, wala mimi na wewe miaka thelathini ijayo. Maandishi makubwa na muda wa kutosha vitatufaa sote.

Kuhusu familia, msaada wa jamaa ni baraka. Lakini msaada unaochagua ni tofauti na msaada usioweza kuukataa. Mtu mzima ana haki ya kumtumia dada yake pesa bila kaka kujua, na kuweka akiba bila kuulizwa ni ya nini. Na ukweli mchungu ni kwamba anayekuibia si lazima awe mgeni. Anayeijua PIN yako ndiye aliye na nafasi.

Wewe je, ufanye nini?

Kama wewe ni wakala: mteja asiyeona akikuletea simu, msomee skrini kwa sauti ya chini, kisha mrudishie simu aweke PIN mwenyewe. Mhesabie pesa mkononi, noti moja moja. Msomee ujumbe wa mwisho wote, pamoja na salio. Akiwa kiziwi, andika kiasi kwenye karatasi au kwenye simu, usipaze sauti.

Kama una mzazi, jirani au rafiki mwenye ulemavu: usimfanyie, mfundishe. Tenga saa moja Jumapili mwashe kisoma skrini pamoja. Mzoeshe kwanza kupokea simu na kusoma SMS, kisha kuangalia salio, mwisho kutuma kiasi kidogo. Akishaweza, mwambie abadilishe ile PIN ambayo wewe unaijua.

Na kama wewe ndiye mwenye ulemavu: usiombe radhi kwa kuchukua muda kaunta. Kitufe kisichosomeka, menyu iliyohamishwa, wakala aliyeng'ang'ania kukuwekea PIN, yote hayo yaripoti kwa kampuni yako kama unavyoripoti wizi. Mlango ulioachwa wazi huripotiwa kabla mwizi hajaingia.