Baleti na Mwili wa Mtoto: Mwalimu Ajue Kusubiri

Wapo walimu wengi wanaoamini kwamba dansi ya baleti haituhusu sisi tunaofundisha katika shule za msingi za Afrika Mashariki. Husema kuwa ni sanaa ya majumba ya kifalme ya Ulaya, yenye viatu vya hariri na kumbi za vioo, na kwamba mwalimu mwenye wanafunzi sabini chini ya paa la mabati hana wakati nayo wala haja nayo. Sisi hatukubaliani na rai hiyo.

Kwanza, baleti imekwisha kufika kwetu. Huko Kibera, Nairobi, watoto wa shule wamejifunza dansi hiyo ndani ya vyumba vya madarasa, madawati yakitolewa ili kupata nafasi. Na mwalimu wao Michael Wamaya alikuwa miongoni mwa walimu 10 waliofika fainali ya tuzo ya Global Teacher Prize mwaka 2017. Joel Kioko, kijana aliyeanza baleti huko huko Nairobi, alipata nafasi ya masomo katika English National Ballet School, London. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, baleti ni miongoni mwa sanaa ambazo madaktari na walimu wamezichunguza sana ili kujua mwili wa mtoto unaweza nini na hauwezi nini. Yaliyopatikana humo yanamhusu kila mwalimu anayefundisha ngoma, sarakasi, halaiki au elimu ya viungo.

Rai yetu katika makala haya ni moja: ufundi wa mwalimu wa watoto huonekana zaidi katika yale anayoyaahirisha kuliko katika yale anayoyaharakisha.

Methali inayotumiwa vibaya

Walimu wenye pupa hupenda kujitetea kwa methali isemayo, "Samaki mkunje angali mbichi." Mtoto wa miaka saba, wanasema, ni laini, basi na akandamizwe sasa mpaka apige msamba, maana akikomaa hatakunjika tena. Methali ni ya kweli, lakini matumizi hayo si ya kweli. Amkunjaye samaki mbichi hufuata uti wake. Akimlazimisha upande asikopindia, atamvunja.

Mifupa ya mtoto si mifupa ya mtu mzima iliyopunguzwa ukubwa. Karibu na ncha za mifupa mirefu mna matabaka ya gegedu, na hapo ndipo mfupa unapojiongezea urefu. Matabaka hayo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa, na mara nyingi ni dhaifu hata kuliko kano zinazokishikilia kiungo. Kwa hiyo nguvu ambayo kwa mtu mzima ingeleta mteguko tu, kwa mtoto yaweza kuumiza mahali pale pale pa kukulia. Mwalimu anayemkalia mwanafunzi mabegani ili kumshusha katika msamba hamfundishi kunyumbuka. Anabahatisha tu, na gharama ya bahati hiyo atailipa mtoto.

Kipindi kinachotaka uangalifu zaidi ni kile cha kurefuka ghafla, ambacho kwa wasichana walio wengi hufikia kilele karibu na umri wa miaka 12, na kwa wavulana karibu na miaka 14. Wakati huo mifupa hurefuka upesi, na misuli huchelewa kuifuata. Mwanafunzi aliyekuwa mwepesi muhula uliopita huonekana mzito. Hupoteza mizani, na mguu uliokuwa ukipanda juu sasa hauinuki. Mwalimu asiyejua humwita mvivu. Mwalimu anayejua humpunguzia miruko, humrudisha kwenye mazoezi ya msingi, tena humweleza kwamba mwili wake unabadilika na kwamba wepesi utarejea. Wapo watoto waliouacha mchezo waupendao kwa sababu ya neno moja walilotupiwa katika miezi hiyo.

Mambo mawili yasiyotaka haraka

Jambo la kwanza ni kusimama juu ya ncha za vidole. Uchezaji huo ulipata umaarufu mkubwa mwaka 1832, Marie Taglioni alipocheza La Sylphide mjini Paris, na tangu hapo kila msichana aonaye picha ya baleti hutamani viatu vile vigumu. Mwaka 2009 wataalamu wa tiba ya wacheza dansi walichapisha mwongozo katika Journal of Dance Medicine & Science. Walishauri kwamba mtoto asianze kabla ya miaka 12. Kwamba mwenye misuli dhaifu ya kiwiliwili au ya miguu acheleweshwe na aimarishwe kwanza. Kwamba anayehudhuria mara moja tu kwa wiki asishawishiwe kuanza kabisa. Na kwamba anayehudhuria mara mbili kwa wiki, akiwa na mwili ulio sawa, aanze katika mwaka wa nne wa mafunzo. Tuangalie vizuri: umri peke yake hautoshi. Yatakiwa nguvu, umbo la mguu na miaka ya maandalizi. Kwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye kipindi kimoja au viwili kwa wiki na watoto wasio na msingi wowote wa baleti, jibu ni rahisi: viatu hivyo visiingie darasani mwake.

Jambo la pili halionekani upesi kama hilo, na kwa hiyo hudhuru watu wengi zaidi. Katika baleti miguu hugeuzwa nje. Mgeuko huo hutoka katika kiungo cha nyonga, na kila mtoto amezaliwa na nyonga yake. Asiyeweza kugeuza nyonga huzikamata nyayo zake sakafuni na kuzisukuma nje kwa nguvu, na hapo goti, ambalo si kiungo cha kuzungushwa, husokotwa. Kipimo chake hakihitaji chombo chochote. Mwambie mtoto akunje magoti taratibu, kisha tazama: kofia ya goti ielekee upande wa kidole cha pili cha mguu. Ikiangukia ndani, nyayo zimegeuzwa kupita kiasi, zirudishwe. Pembe ndogo iliyo ya kweli ni bora kuliko mstari ulionyooka wa udanganyifu.

Mageuzi huanza kwa mwalimu

Mwaka 1920, mjini London, wacheza dansi waliosikitishwa na hali duni ya mafunzo ya baleti nchini Uingereza waliunda chama cha kuinua kiwango hicho. Chama hicho baadaye kilipata hati ya kifalme, na leo kinaitwa Royal Academy of Dance. Linalotuvutia ni kwamba waasisi wake hawakuwalaumu watoto kwa kukosa kipaji. Waliona kwamba kasoro imo katika ufundishaji, na kwa hiyo mwalimu mwenyewe hana budi kufundishwa na kupimwa.

Huko Urusi nako, Agrippina Vaganova alichapisha mwaka 1934 kitabu cha misingi ya dansi hiyo, kilichopanga mazoezi kutoka jepesi hadi gumu. Shule ya St Petersburg yenye jina lake leo huwapokea watoto wa umri wa miaka 10 hivi, na kozi yake ni ya miaka minane. Ikiwa watoto waliochaguliwa mmoja mmoja, na wanaofanya mazoezi karibu kila siku, hupewa miaka minane, sisi twapata wapi ujasiri wa kudai maajabu kwa muhula mmoja?

Kipindi cha dakika 40

Hapana budi tushuke kwenye matendo. Tuchukue kipindi cha dakika 40. Dakika 10 za mwanzo ziwe za kupasha mwili moto: kutembea, kurukaruka kwa wimbo, kuzungusha mabega na vifundo vya miguu. Dakika 15 zifuatazo ziwe za mazoezi ya msingi, watoto wakishika ukuta au migongo ya viti: kukunja magoti, kunyoosha mguu, kusimama wima bila kukaza shingo. Dakika 10 ziwe za miendo, miruko na ubunifu wa watoto wenyewe. Tano za mwisho ziwe za kupoza mwili, na hapo ndipo misuli inyooshwe kwa utulivu, ikiwa tayari imepata joto. Kumwambia mtoto apige msamba mara tu atokapo kwenye dawati ni kumtafutia jeraha. Kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, sehemu kubwa ya kipindi iwe mchezo na mahadhi.

Kisha kuna sakafu. Mwaka 2020 picha za video za mvulana wa Lagos akicheza baleti peku juu ya saruji iliyolowa mvua zilienea dunia nzima, na watu wengi walifurahi kuona kipaji cha namna ile. Furaha hiyo ilikuwa ya haki. Lakini jicho la mwalimu, likisha kufurahi, hutazama chini. Kumbi za baleti huwekewa sakafu ya mbao yenye nafasi chini yake ili ipokee mshindo. Saruji haipokei mshindo, huurudisha kwenye miundi na magoti. Asiye na mbao apunguze miruko, au aipeleke kwenye nyasi zilizokaguliwa mawe na mashimo. Na popote pale, mtoto afundishwe kutua kabla ya kufundishwa kuruka: vidole kwanza, kisha wayo, kisha kisigino, magoti yakikunjwa. Darasa likitua kimya, limetua vizuri.

Maumivu nayo yana lugha yake. Uchovu wa misuli huenea na huisha kwa mapumziko. Maumivu makali ya mahali pamoja, yanayorudi kila mtoto arukapo, au kiungo kilichovimba, ni amri ya kusimama. Mtoto apumzishwe, mguu uinuliwe, uwekewe kitambaa cha maji baridi; na maumivu yakidumu apelekwe zahanati. Mwalimu asiseme kamwe, "Vumilia."

Tusisahau heshima ya mwili. Mwalimu asahihishe kwanza kwa neno na kwa mfano. Akilazimika kugusa, aombe ruhusa, aguse mbele ya wote, na mtoto awe na haki ya kukataa. Wala asimpime mtoto uzito, wala asitaje unene au wembamba wake. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu madhara ya kufanya mazoezi makali bila chakula cha kutosha: mifupa hudhoofika, hedhi za wasichana huvurugika, na afya kwa jumla hushuka. Katika shule zetu wamo watoto wanaofika asubuhi bila kifungua kinywa. Mwalimu na aulize hilo kabla ya kupanga mazoezi magumu ya saa nne.

Mwalimu pia ana mwili. Anayefundisha vipindi vitano huku akiruka mbele ya kila darasa bila kujipasha moto atachakaa mapema. Naye ajiandae, aonyeshe mara chache kwa usahihi, kisha amwachie mwanafunzi aliyeelewa aonyeshe wenzake.

Siku ya wazazi

Twajua kinachomshinda mwalimu mpya. Ujuzi anao, lakini siku ya sherehe inamkaribia. Mwalimu mkuu ataka wageni washangae. Wazazi wataka kuona mtoto akipiga msamba au akibebwa juu ya mabega ya wenzake. Shule jirani mwaka jana ilifanya hivyo. Hapo ndipo elimu ya chuo inapopimwa. Kusema, "Watoto hawa hawajawa tayari kwa hilo, lakini wataonyesha hili wanaloliweza vizuri," ni jambo gumu kwa kijana mwenye miezi mitatu kazini. Hata hivyo ni lazima liweze kusemwa, tena kwa adabu na kwa sababu zinazoeleweka. Asiyejua sababu atatii. Anayezijua ataweza kumshawishi mkubwa wake.

Ndugu wanachuo, makofi ya siku ya wazazi huisha kabla viti havijarudishwa darasani, bali goti lililosokotwa akiwa na miaka tisa huenda naye shambani, kazini na uzeeni. Kati ya watoto mia tutakaowafundisha, huenda asitokee hata mmoja wa kwenda London. Wote mia watahitaji miguu yao.