NYUMBANI MWETU: Bomba huungwa hata bila kulehemu

Kiungio cha bomba kinachodondosha tone moja tu kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 4 za maji kwa siku. Ukihesabu kwa mwezi, hiyo ni mitungi sita ya lita 20. Kwa familia nyingi za Nairobi ambazo hupata maji kwa zamu, mitungi sita si mchezo. Haba na haba hujaza kibaba, na tone kwa tone nalo humwaga pipa.

Aghalabu lawama humwangukia fundi. Hata hivyo, mara nyingi kosa lilianzia dukani, pale mwenye nyumba aliponunua bomba la bei nafuu bila kuuliza litaungwaje na litapitisha maji gani.

Zamani za mabomba ya shaba, kazi ilikuwa kulehemu kwa moto wa gesi. Risasi iliyotumiwa kulehemu iliweza kuingia katika maji ya kunywa, nayo hudhuru akili za watoto. Marekani iliipiga marufuku katika mabomba ya maji ya kunywa mwaka wa 1986. Siku hizi ipo lehemu isiyo na risasi, lakini katika nyumba zetu nyingi hata hiyo haihitajiki. Ziko njia nne za kuunga bomba bila lehemu.

Ya kwanza ni thredi, ile ya mabomba ya chuma. Utepe mwembamba mweupe huzungushwa mara tatu hadi tano juu ya thredi, kwa kufuata upande wa kukazia. Ukizungushwa kinyume, hufumuka wakati wa kukaza. Bomba la chuma ni gumu, lakini huota kutu kwa ndani. Wakazi wa Pwani wanaotumia maji ya visima yenye chumvi wanalijua jambo hili vyema.

Ya pili ni gundi, kwa mabomba ya PVC. Bomba hukatwa wima, likapanguswa, gundi ikapakwa pande zote mbili, kisha likasukumwa ndani kwa kuzungushwa kidogo na kushikiliwa kwa nusu dakika. Ni vyema kungoja siku nzima kabla ya kufungulia maji. Fungua madirisha na uweke jiko mbali, kwani mvuke wa gundi hushika moto. PVC ya kawaida ni ya maji baridi pekee. Maji ya moto huilegeza.

Ya tatu ni kuyeyusha, kwa mabomba ya PPR, ambayo hayashikwi na gundi. Mashine ya umeme hupashwa hadi nyuzi 260 za Selsiasi. Bomba la milimita 20 hukaa humo kwa sekunde 5, likasukumwa ndani ya kiungio bila kuzungushwa, na likaachwa lipoe kwa dakika 2. Hapo bomba na kiungio huwa kitu kimoja. Fundi akizidisha moto, plastiki huvimbia ndani na kuziba njia ya maji. PPR ya maji ya moto ndiyo ifaayo kwa bafu na mitambo ya kupasha maji kwa jua, ila isiachwe wazi juani, kwani jua huila.

Ya nne ni nati ya kubana, inayotumiwa sana kwa yale mabomba meusi yatokayo kwenye mita. Ndani yake mna pete ya kushika bomba na mpira wa kuzuia maji. Haihitaji moto, gundi wala umeme. Isitoshe, hufunguliwa na kufungwa tena, na hii ni nafuu kwa mpangaji anayehama na tangi lake.

Sasa utachagua ipi? Jiulize kwanza, kiungio hiki kitakaa wapi? Kile kinachofunguka, yaani cha nati, kiwekwe mahali mkono unapofika: chini ya sinki, kando ya tangi, karibu na mita. Ukutani, nyuma ya vigae, pafichwe kile tu kilichokwisha kuwa kitu kimoja na bomba. Nati iliyozikwa ikilegea, utavunja vigae vya bafu zima kutafuta mahali inapovuja.

Tena, usikubali ukuta upigwe lipu kabla mabomba hayajajaribiwa. Jaribu siku ambayo maji ya mjini yanakuja kwa nguvu. Wanafunzi wa fizikia watawaeleza wazazi kwamba mkandamizo wa maji hutegemea kimo: tangi lililo mita 3 juu ya mfereji halifikii hata thuluthi ya nguvu za lile lililo mita 10. Kiungio kilichostahimili maji ya tangi fupi huenda kikashindwa na yale ya mjini. Jaza maji, funga mifereji yote na koki ya tangi, kisha utazame mita. Ikizidi kuzunguka, kuna mahali panapovuja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye nyumba asiyejaribu bomba lake mapema huishia kuubomoa ukuta huo kwanza.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.