Picha Moja kwa Siku, Mshororo Mmoja kwa Picha

Desturi ya kupiga picha moja kila siku, mwaka mzima au zaidi, imeenea sana tangu simu zilipoanza kubeba kamera. Wapo wanaoifuata kwa kujifurahisha, wapo wanaotunza kumbukumbu ya mtoto anayekua, na wapo wanaojizoeza nidhamu. Nami nimo; huu ni mwaka wangu wa pili, hapa Tanga. Hoja ninayoitetea ni moja: kwa mshairi na mpenzi wa Kiswahili, picha ya kila siku isiyoandikiwa neno ni kazi nusu. Kamera huona, lakini haitaji. Kutaja ni kazi ya lugha, na kutaja kwa usahihi ni kazi yetu.

Tuianze hoja katika lugha yenyewe. Maneno sura, taswira na sawiri yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, na katika Kiarabu cha leo mzizi huo hutumika pia kwa kazi ya kamera. Mpiga picha huitwa musawwir. Kiswahili kiliugawa urithi huo kwa namna yake. Sura kikaipa uso wa mtu, taswira na kusawiri kikawapa washairi na wahakiki, na kazi ya kamera kikaitafutia neno kutoka Kiingereza, picha. Kwa hiyo mwenye kamera na mwenye kalamu, ambao Kiarabu kimewaweka nyumba moja, kwetu wamejengewa nyumba mbili. Ninachopendekeza ni kwamba watembeleane kila siku.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni kwamba maisha ya kila siku hayana jipya la kupigwa picha. La hasha. Mtu na asimame ufukweni saa kumi na mbili asubuhi, mahali pale pale, kila siku. Kwa kuwa maji hujaa yakichelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, bahari ya leo haitakuwa bahari ya jana. Saa iliyomwonyesha maji yamejaa, wiki moja baadaye itamwonyesha maji yamekupwa. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, atapata bamvua, maji yanapopanda sana na kushuka sana. Mwezi ukiwa nusu, atapata maji mafu. Kamera itamhifadhia tofauti hizo zote, lakini haitamwambia kwamba wazee wetu walikwisha kuziona na kuzipa majina.

Mfano wa mnazi una nguvu zaidi. Tangu ua hadi nazi iliyokomaa hupita kiasi cha mwaka mmoja. Anayepiga picha ya kichala kimoja mwaka mzima atakusanya mamia ya picha zinazofanana kwa jicho la haraka. Kiswahili kimekwisha kuzipanga: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, na ikikaukia ndani ya kifuu, mbata. Kila jina ni picha iliyopigwa na watu waliotazama mti ule ule, siku baada ya siku, kwa karne nyingi. Basi mradi huu si mgeni kwetu kama tunavyoudhania. Lugha yetu iliuanza zamani, bila kamera, na sisi tunauendeleza au tunauacha ufe.

Pingamizi la pili ni kwamba picha nzuri hujitosheleza, haihitaji maneno. Hapa namkumbuka Jamie Livingston wa New York. Alianza tarehe 31 Machi 1979 kupiga picha moja ya Polaroid kila siku, akaendelea hadi tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki dunia akiwa na umri wa miaka 41. Ni zaidi ya picha 6,000. Sijui kazi ya kila siku iliyonishika moyo kuliko hiyo: marafiki, meza za chakula, mitaa, kisha maradhi na mwisho wake. Hata hivyo, zilipoenea intanetini mwaka 2008, watazamaji wasiomjua walilazimika kuyafumbua maisha yake kama wafumbuao kitendawili, wakiunganisha uso na uso, tarehe na tarehe. Ukimya huo una uzuri wake, nami siukatai. Lakini New York haikupoteza jina la kitu chochote kwa sababu Livingston hakuliandika. Sisi tuna hasara ya kuogopa.

Hasara hiyo huonekana tukifungua kamusi zetu. Maingizo mengi ya samaki, ndege na miti huanza kwa maneno “aina ya”, na baadhi yake karibu huishia hapo. Msomaji wa Dodoma au Nairobi atajuaje kwamba pono ana mdomo kama wa kasuku, au kwamba tasi ana miiba yenye sumu na mvuvi humshika kwa hadhari? Upande mmoja tuna majina yasiyo na picha, yamelala kamusini. Upande wa pili, simuni mwetu, tuna maelfu ya picha zisizo na majina. Mwenye mradi wa kila siku ndiye anayeweza kuviunganisha viwili hivyo, kwa gharama ya swali moja tu.

Nasema swali, kwa sababu majina hayo hayapatikani kwa kubahatisha. Niliwahi kupiga picha ya mikono ya bibi mmoja aliyekuwa akisuka, na ningeweza kuandika chini yake “mkeka” nikaenda zangu. Nikamuuliza, “Bibi, huo mkanda unaousuka unaitwaje?” Akanijibu bila kuinua macho, “Huu ukili, mwanangu. Mkeka bado. Kili zikishonwa ndipo upate mkeka.” Picha yangu ilikuwa ya ukili tangu mwanzo; ila ilimsubiri mwenye neno. Wenye maneno kama hayo wengi wao ni wazee, na hawatatusubiri.

Ndiyo maana naona adabu ni sehemu ya mradi huu, si pambo lake. Lugha yetu husema kupiga picha kama isemavyo kupiga hodi, na sioni vibaya vitendo hivyo viwili vikifuatana: hodi kwanza, picha baadaye. Aliyeombwa ruhusa huzungumza, na mazungumzo ndiyo yanayoleta jina. Aliyepigwa picha kwa kuviziwa hugeuza uso, nasi tukabaki na sura isiyo na habari.

Utaratibu ninaowapendekezea washairi wenzangu ni mwepisi. Piga picha moja kwa siku, ya kitu kilichopo mbele yako: jikoni, njiani, sokoni, kazini. Tafuta jina lake halisi. Usiandike “kichujio” panapotakiwa kifumbu, wala “mfuniko” panapotakiwa kawa. Jioni litie jina hilo katika mshororo mmoja wa mizani kumi na sita, nane kwa nane. Mmoja wangu, ulioandikwa chini ya picha ya jikoni, ni huu: “Kifumbu chakamuliwa, tui lajaa bakuli.” Si mshororo wa kutunzwa zawadi. Lakini mizani hukataa maneno ya jumla. Hukulazimisha kuchagua, na katika kuchagua ndimo neno sahihi linapopata nafasi yake.

Mwaka ukiisha, mwenye kufuata utaratibu huu atakuwa na mishororo 365: beti 91 za tarbia na mshororo mmoja wa ziada. Nyingi hazitakuwa na vina, na nyingine hazitastahili kusomwa na mtu. Lakini kila mmoja utakuwa umelishika jina moja na kulifunga kwenye kitu chake, ili mjukuu atakayekiona pichani ajue kilivyoitwa. Mwenye simu mkononi leo anaweza kuanza na chochote kilicho mbele yake. Kama hakijui jina, aulize kabla ya magharibi.