Besi ya harusi zetu inachezea njia tupu

Wasee wa Garissa, leo nawaudhi mafundi wa saundi, na nina marafiki kibao huko, kwa hivyo wanisamehe mapema.

Juzi nilikuwa harusi ya nje hapa Bula Iftin. Wufa nane: nne kulia kwa steji, nne kushoto, zimesimamishwa kama minara, katikati yake kama mita 12. Fundi anatembea kifua mbele. Mara meseji ya dada yangu kutoka upande wa akina mama: "DJ amezima besi ama?" Huku kwa wanaume pia ilikuwa kama redio ya simu. Nikaamka nikapita ile njia ya katikati inayotenganisha viti vyetu na vyao. Wallahi, kanzu ilitingishika. Na nani alikuwa anakula hiyo besi yote? Kameramani, na kijana wa kubeba maji.

Hii si bahati mbaya. Kwa joto letu sauti inasafiri karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hivyo besi ya hezi 50 ina wimbi la mita 7. Ukiwa katikati kabisa, sauti ya minara yote miwili inakufikia wakati mmoja, inajumlishana. Kaa mita 15 kutoka steji, sogea karibu mita 5 kando: sasa mnara mmoja uko mbali nawe kuliko mwingine kwa mita 3.5, nusu ya wimbi. Mmoja unasukuma hewa, mwingine unaivuta. Besi inajiua yenyewe. Noti zingine zinafia mahali pengine, ndio maana ukihama viti vichache wimbo unabadilika.

Kwetu hiyo njia ya katikati tunaiacha tupu makusudi. Yaani tumechukua besi yote tukaipatia sehemu pekee ambayo hakuna mtu ameketi. Na wanaoumia zaidi ni akina mama, ambao ndio wanacheza kweli. Ngoma ya buraanbur ikipita kwa spika bila besi inabaki kama mtu anagonga sufuria.

Mwenye harusi akilalamika anaambiwa nini? "Ongeza wufa nne." Hapo ndipo nakasirika. Ukiongeza mbili kila upande, kosa ni lile lile kwa sauti kubwa zaidi, na mafuta ya jenereta juu.

Dawa ni bure. Zikusanye zote katikati, mbele ya steji, zigusane. Chanzo kinakuwa kimoja, hakuna wa kupigana naye. "Lakini bwana harusi hataonekana kwa picha." Zilaze chini, walalo, uzifunike na kitambaa cha mapambo. Nakubali moja: mstari wa mbele utapigwa kifuani, kwa hivyo viti vya wazee virudi nyuma kidogo.

Na usiniambie hata Nairobi wanapanga kulia na kushoto. Najua. Huko katikati kuna watu.

Halafu kuna jirani. Besi haina mbele wala nyuma. Inarudi nyuma ya steji vile inaenda mbele, mpaka kwa mtoto wa mtu amelala. Kanuni za kelele Kenya tunazo tangu 2009, lakini hata NEMA wasipokuja, jirani ni jirani. Katika kila wufa tatu, geuza moja itazame nyuma, ugeuze polariti yake, uicheleweshe milisekunde chache kulingana na umbali kati ya uso wake na nyuso za wenzake. Nyuma ya steji panatulia sana, mbele unapoteza kidogo. Hiyo inataka kifaa na mtu wa kupima, si kila fundi ataweza. Kuzikusanya katikati kila fundi anaweza.

Kabla wageni hawajafika, cheza noti moja ya besi isiyobadilika, halafu tembea viti vyote. Na umtume dada mmoja atembee upande wao pia, maana wewe hutaketi huko.