Kanuni za Wote, Picha za Mwenyewe

Mwaka 2000 kampuni ya Wizards of the Coast ya Marekani iliwaruhusu wengine, kwa leseni, kutunga na kuuza vitabu vinavyofuata kanuni za mchezo wake wa mezani, Dungeons & Dragons. Januari 2023 kanuni za msingi zilitolewa kwa leseni ya Creative Commons, yenye sharti la kumtaja mwenye kazi. Picha hazikuwamo.

Je, huo ni uchoyo? La hasha. Hakimiliki hailindi namna ya kucheza; hulinda maandishi na michoro. Tena mchoraji aweza kuuza ruhusa ya kuchapa tu, akabaki na haki yake. Mchapishaji atagawaje asichokinunua? Yafaa kila mchezo huria ueleze waziwazi kipi ni cha wote na kipi huombwa. La sivyo, ukarimu wa mmoja utakuwa hasara ya mwingine.