Wingu Likitanda, Msafara Usubiri

Na Kulwa Masunga

Vijana wa bodaboda wa Sola, hapa wilayani Maswa, hawaishi kwa kubeba abiria peke yake. Harusi ikifungwa, wao ndio wanaotangulia gari la bibi harusi wakipiga honi. Mwenzao akifariki, kijiwe kizima kinasimamisha kazi na kumsindikiza hadi kaburini, hata kama kwao ni Meatu au Itilima. Mgombea akija wanaitwa, timu ikirudi na kombe wanaitwa. Dar es Salaam wapo wenye klabu za pikipiki kubwa, na majaketi ya ngozi, na ratiba ya safari za mwisho wa juma. Huku kwetu klabu ni kijiwe, na safari zake hupangwa na mwenyekiti wa kijiwe pamoja na yule anayetoa mafuta.

Ni huyo anayetoa mafuta ninayetaka kusema naye leo. Kila masika tunawaonya vijana waendeshe kwa uangalifu, na onyo ni jema. Lakini anayewaita barabarani siku wingu limetanda hatumwambii neno.

Msomaji aliye mbali aelewe kwanza barabara zetu. Lami inatoka Lamadi, inapita Bariadi na Maswa, inakwenda kukutana na barabara kuu pale Mwigumbi. Ukiiacha hiyo, sehemu kubwa ya mkoa wetu wa Simiyu unaipita kwenye udongo, na udongo wenyewe mara nyingi ni mbuga, ule mweusi mzito. Kiangazi unapasuka nyufa pana. Ikinyesha nusu saa tu, juu unateleza na chini unanasa. Tope linajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu la mbele linagoma kuzunguka. Ndiyo maana mvua zikikaribia utawaona vijana wakifungua madigadi ya mbele na kuyaacha nyumbani, na chini ya kiti wamechomeka kijiti cha kuchokolea tope. Ukiwa peke yako unashuka, unachokoa, unasukuma, unaendelea. Kwenye msafara wa pikipiki 30 mambo hayaendi hivyo. Wa mbele akinasa, wa nyuma yake anakanyaga breki kwenye utelezi, na wa tatu amepakia mishkaki, watu wawili nyuma yake, mmoja kashika bendera. Wakianguka, wanaangukiana.

Hata lami si salama kama wengi wanavyodhani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu huloanisha vumbi na mafuta yaliyodondoka barabarani kwa miezi mingi, na dakika zile za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, hasa kwa mwenye tairi lililokwisha kuwa kipara.

Halafu kuna mito. Mto Simiyu na vijito vyake ni vya mchanga muda mrefu wa mwaka. Watoto wanachimba visima vya maji humo humo mtoni. Mvua ikipiga huko juu, upande wa Serengeti, maji yanaweza kushuka huku wewe ukiwa umesimama kwenye jua. Maji ya sentimita 15 tu yanayokwenda kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima. Pikipiki yenye eksozi chini na matairi mawili membamba haina ubavu wa kushindana nayo, na kelele za wenzako ng'ambo wakikuita uvuke hazipunguzi kina chake.

Radi nayo. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi kwa wingi. Januari 2025, katika Shule ya Sekondari Businda wilayani Bukombe, mkoani Geita, radi iliua wanafunzi 7, nao walikuwa darasani, chini ya paa. Mtu aliye juu ya pikipiki katikati ya mashamba ya pamba, pasipo mti wala nyumba, mara nyingi ndiye mrefu kuliko kila kitu kinachomzunguka. Mpira wa matairi haumkingi.

Hayo yote vijana wanayajua kuliko mimi. Basi kwa nini wanatoka? Nilimsikia mama mmoja pale kijiweni, mzigo wake umeshafungwa nyuma, akimwambia kijana, "Baba, lile wingu si zuri, tungoje kidogo." Kijana akamjibu kwa heshima, "Mayu, nikingoja, jioni bosi nitampa nini?" Wengi wao pikipiki si zao. Wanaendesha kwa hesabu ya kila siku au kwa mkataba, na bosi hapunguzi hesabu kwa sababu ya mvua. Siku ya msafara mtego unazidi. Asubuhi kijana anatiliwa mafuta, posho anaahidiwa mwisho wa safari. Anayegeuza njiani kwa kuogopa mto hapati kitu, na kesho anaitwa mwoga. Kwa mpango huo, tumemlipa mtu avuke.

Katika Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland, mashindano ya pikipiki ya TT yamekuwapo tangu 1907. Barabara yake inapita milimani kwa kilomita 60 hivi, na waendeshaji wake ni watu wenye roho ngumu kweli kweli. Hata hivyo, ukungu ukitanda kiasi kwamba helikopta ya uokoaji haiwezi kuruka, mbio hazianzi. Mwaka 2012 mbio kubwa kuliko zote, Senior TT, zilifutwa kabisa kwa sababu ya hali ya hewa, na mashabiki walikuwa wameshasafiri kutoka nchi nyingi. Uamuzi ulitolewa na waandaaji. Hakuachiwa kijana mmoja mmoja aamue akiwa ameshavaa kofia.

Hilo ndilo ninalolitaka Sola, Lalago, Bariadi, kila penye kijiwe. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri kila siku, na hali mbaya ikitarajiwa inatoa taarifa ya siku tano mbele: angalizo, tahadhari, au tahadhari kubwa. Msimu wa 2023/24 ilitangaza mapema kwamba El Niño inakuja, na Aprili 2024 Waziri Mkuu akalieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa kutokana na mvua hizo. Taarifa ya Mamlaka iwekwe kwenye kundi la WhatsApp la kijiwe usiku wa kuamkia safari, na mwenyekiti aseme wazi kama safari ipo. Msafara uondoke asubuhi, kwa kuwa mvua za radi nchi kavu hupenda kujijenga kuanzia mchana. Mahali pa kugeuzia pajulikane kabla hamjawasha pikipiki.

Msiba ndio unaoniumiza kichwa. Hapo hakuna posho wala mgombea, kuna upendo tu, na maziko hayangoji wiki ijayo. Mara nyingine marehemu mwenyewe amefia barabarani. Nimewaona vijana wakilia huku wanaendesha, machozi na mvua vimechanganyika usoni, mwendo wao ni wa hasira. Hapo namwomba mwenyekiti awe na moyo wa kusema: wachache waende na gari, wawakilishe kijiwe, wengine tutakwenda siku ya arobaini, barabara ikikauka. Familia itaelewa. Mama aliyepoteza mwana kwa pikipiki atakuwa wa kwanza kuelewa.

Kwa harusi na kampeni sina huruma hiyo, maana huko fedha ipo. Kamati ikikaa kupanga bajeti, iandike siku ya msafara na siku ya akiba, na iandike kiasi gani kila kijana atalipwa msafara ukiahirishwa kwa mvua, angalau kinachotosha hesabu ya bosi. Fedha hiyo akabidhiwe mwenyekiti wa kijiwe jioni ya kuamkia safari, pamoja na mafuta. Kamati isiyoiweka, kijiwe kiikatalie kazi hata kama siku hiyo jua linawaka.